Sahani 50 za mchana: mwongozo wa mama lishe na baba lishe anayeanza Dodoma

Maswali ni yale yale. Kilo ya mchele inatoa sahani ngapi? Maharage nibandike saa ngapi? Mbona chakula chote kimeisha na jioni sina hela ya kwenda sokoni kesho? Wengi wanaouliza wanajua kupika, tena vizuri, na nyumbani wanasifiwa. Mkono wanao. Kinachowaangusha ni kipimo na saa.

Mwongozo huu ni wa banda la chakula cha mchana Dodoma mjini: sahani 50 kwa siku, watu wawili, wewe na msaidizi mmoja. Chakula ni wali, ugali, maharage, nyama ya mchuzi, mchicha na mlenda. Usianze na sahani 100. Anza na 50, zikiisha siku sita mfululizo kabla ya saa 8 mchana ndipo uongeze kumi.

KABLA HUJAWASHA MOTO

Mahali

Nenda mahali unapopataka siku tatu tofauti, saa 6 hadi saa 8 mchana, usimame uhesabu watu. Angalia wanakula wapi sasa hivi na wanakula nini. Mafundi ujenzi wa Mtumba na Ihumwa wanataka ugali wa kushiba, na saa 6 ikigonga wako njiani. Watu wa ofisini wanatoka saa 7, wanapenda wali na hawana muda wa kusubiri. Wasafiri wa stendi ya Nanenane wanakuja saa yoyote, na wakikuta foleni wanapita. Ukijua mteja wako ni yupi ndipo unajua upike ugali mwingi au wali mwingi.

Angalia upepo. Kuanzia Juni hadi Septemba Dodoma ina upepo mkavu na vumbi, na mwingi unatokea mashariki na kusini mashariki. Banda lililo wazi upande huo litakula mkaa mara mbili na kumlisha mteja mchanga. Ziba upande huo kwa bati au turubai, lango liwe upande mwingine. Halafu angalia chini: je, maji ya mvua yanapita hapo? Mvua za Desemba hadi Aprili zinakuja kwa kishindo, na eneo lililokuwa kavu miezi saba linageuka mto ndani ya nusu saa.

Ruhusa na afya

Anza na ofisi ya serikali ya mtaa, wakuoneshe kama eneo limetengwa kwa biashara hiyo. Kisha nenda ofisi ya kata ukaulizie kitambulisho cha mfanyabiashara mdogo. Vilipoanza kutolewa Desemba 2018 vililipiwa shilingi 20,000. Uliza kiasi na utaratibu wa sasa, na dai risiti. Mwone afisa afya wa kata kuhusu kupima afya, wewe na msaidizi, na kurudia kipimo kila baada ya miezi sita. Hii usiikwepe. Mhudumu mmoja mwenye homa ya matumbo anaweza kuambukiza watu wengi kwa siku moja.

Ukiwa huko, mwulize pia afisa maendeleo ya jamii kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo inagawanywa asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Inatolewa kwa vikundi, kwa hiyo tafuta wenzako mapema.

Vyombo

- Sufuria mbili za lita 20 (wali, ugali), mbili za lita 10 (maharage, nyama), moja ya lita 5 (mboga). Ziwe nzito chini. Nyepesi zinaunguza wali.
- Majiko mawili ya mkaa, yale banifu, na jiko moja la gesi la plati mbili lenye mtungi wa kilo 15. Ukianza bila gesi, tafuta jiko la tatu la mkaa.
- Hotipoti mbili kubwa.
- Mwiko wa ugali, upawa, kisu, ubao wa nyama na ubao mwingine wa mboga, ungo, chujio.
- Sahani 30, vijiko 30, vikombe 20. Hamsini hazihitajiki, unaosha zikirudi.
- Mabeseni matatu ya kuoshea vyombo, kichanja cha kuanikia.
- Ndoo mbili zenye koki: moja ya kunawa, nyingine ya maji ya kunywa yaliyochemshwa. Ziandike, zisibadilishane kazi.
- Mizani ndogo. Ni chombo ambacho wanaoanza wanakiona anasa, kumbe ndicho kinacholinda mtaji.
- Daftari na kalamu.

Upawa uupime. Chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, ijaze kwa upawa wako. Ikijaa kwa mara mbili na nusu, upawa una mililita 200, na ndio tunaotumia hapa. Ukiwa mkubwa zaidi utashangaa maharage yanaishia wapi.

Mahitaji ya siku moja

- Mchele kilo 4: sahani 28 hadi 32
- Sembe kilo 3 na nusu: sahani 20 hadi 21
- Maharage kilo 2: pawa 30 hadi 32 pamoja na mchuzi
- Nyama ya ng'ombe kilo 2: vipande 60
- Nyanya kilo 2, vitunguu kilo 1 na nusu, karoti chache, tangawizi, kitunguu saumu
- Mafuta ya alizeti lita 1
- Mchicha mafungu ya kutosha sufuria ya lita 5 (unanywea sana)
- Mlenda mkavu uliotwangwa, kikombe kimoja, na karanga zilizosagwa robo kilo
- Tikiti au papai moja, chumvi, pilipili, ndimu
- Maji: madumu sita ya lita 20

Ukinunua kwa sado, mara ya kwanza peleka kwenye mizani ujue sado ya muuzaji huyo ina kilo ngapi. Sado zinatofautiana, na zipo zilizobonyezwa chini.

Onyo kuhusu karanga na unga. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu ya ukungu. Sumu hii haiondoki kwa kupika, kwa hiyo kazi yote iko kwenye kununua. Karanga zilizosinyaa, zenye ukungu, zilizobadilika rangi au chungu usizichukue hata ukipewa nusu bei. Nunua karanga nzima, uchambue mwenyewe, ndipo usage. Karanga iliyosagwa tayari inaficha mengi. Mahindi ya kusagisha nayo yachambuliwe punje zilizooza.

HATUA

1. Jioni, saa 1: chambua na loweka maharage. Mwaga kwenye ungo, toa mawe na yaliyotobolewa. Osha, loweka kwa maji mara tatu ya kimo chake. Yalale usiku kucha, yasipungue saa nane. Asiyeloweka anaongeza karibu saa nzima ya moto, na huo ni mkaa.

2. Jioni hiyo hiyo: hesabu chenji. Tenga noti za 1,000 na 2,000 na sarafu za 500, 200 na 100, zisizopungua shilingi 20,000. Noti ya 10,000 ya mteja wa kwanza ikizunguka kijiwe kizima kutafuta chenji, wateja watatu wa nyuma yake wameshaondoka.

3. Saa 12 asubuhi: sokoni. Majengo au Sabasaba, kutegemea unapokaa. Nyama kwanza, na uangalie muhuri wa mkaguzi kwenye mnofu kabla haijakatwa. Waambie wakate vipande vidogo, gramu 30 hadi 35, na uvihesabu ukifika bandani. Vitatu kwa sahani, sahani 20. Wanaokata kwa macho wanajikuta sahani ya 14 sufuria imebaki mchuzi.

4. Saa 1:30: bandika maharage. Mwaga maji ya kulowekea, weka maji mapya lita 6. Dakika kumi za mwanzo yachemke kwa nguvu hasa, kwa sababu maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayoharibiwa na mchemko mkali. Kisha punguza moto, funika, acha saa moja na nusu hadi mbili. Ukiongeza maji, yawe ya moto.

Kumbuka Dodoma iko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ukifuata saa za mapishi ya Dar es Salaam utapakua maharage magumu.

5. Saa 2: bandika nyama. Kilo 2, maji lita 2, tangawizi, kitunguu saumu, chumvi vijiko viwili vya chai. Saa moja na nusu. Mchuzi usimwage hata tone, ndio ladha ya sufuria nzima. Ubao wa nyama uoshwe kwa sabuni na maji ya moto hapo hapo, kabla kitunguu hakijaukaribia.

6. Saa 2:30 hadi saa 4: maandalizi. Msaidizi anachambua mchele na mchicha, wewe unakata vitunguu na nyanya. Chemsha maji ya kunywa sasa, yapate muda wa kupoa yakiwa yamefunikwa. Mchicha uoshwe mara tatu, kila mara ukiunyanyua kutoka kwenye maji badala ya kumwaga maji juu yake. Ukimwaga, mchanga unarudi kwenye majani. Usikate kabla ya kuosha.

7. Saa 3:45: unga maharage na nyama. Hakikisha maharage yameiva kabisa: chukua punje tatu kutoka sehemu tofauti, zibonyeze kwa vidole, zote zipondeke. Ikibaki moja ngumu, usiweke nyanya. Ukali wa nyanya unakaza ganda, na maharage yaliyoungwa kabla hayajaiva yanachelewa sana kulainika. Yakiwa tayari, kaanga vitunguu vinne kwa mafuta mililita 150 mpaka vipate rangi, weka nyanya nane, zive mpaka mafuta yajitenge, mimina kwenye maharage. Nazi Dodoma inatoka mbali na bei yake inajulikana. Vijiko vinne vya karanga vilivyokorogwa kwa maji vinakupa uzito ule ule. Nyama iunge hivyo hivyo, ila bila karanga.

8. Saa 4:45: wali. Hapa ndipo wanaoanza wanapoharibu, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Nyumbani huenda unapika kilo moja kwa lita 2. Ukizidisha mara nne ukaweka lita 8, utapata bokoboko, kwa sababu sufuria kubwa iliyojaa inapoteza mvuke kidogo kuliko ndogo. Kwa kilo 4 za mchele mpya, uliovunwa msimu huu, weka lita 6 na nusu. Mchele uliokaa ghalani weka lita 7, ukiwa wa zamani sana lita 7 na nusu. Kila ukifungua gunia jipya, pika kilo moja kwanza nyumbani uone tabia yake. Mchele wa Mbeya na wa Shinyanga hata ukiwa wa mwaka mmoja haunywi maji sawa.

Kaanga vitunguu viwili kwa mafuta mililita 250, visiive sana. Mimina maji yaliyopimwa, chumvi vijiko vitatu vya chakula vilivyosawazishwa. Yakichemka, tia mchele ulioosha na kuchuja. Geuza mara moja, funika. Maji yakishuka mpaka usawa wa mchele na ukaona vitundu vya mvuke juu, geuza taratibu kutoka pembeni kuja katikati, mara ya mwisho. Punguza makaa chini yabaki machache, weka mengine juu ya kifuniko, yaani palia. Dakika 25. Usifungue. Ukishika ubavu wa sufuria kwa kitambaa ukasikia mlio wa kukauka, kama mchanga unaopigwa na upepo kwenye bati, umeiva; epua. Ukisikia harufu, umechelewa.

9. Saa 5:30: mboga. Mchicha dakika tano tu kwenye kitunguu na nyanya, bila maji. Mlenda: chemsha maji lita 1 na nusu, nyunyiza mlenda mkavu huku ukipekecha usifanye mabonge, tia nyanya mbili zilizopondwa, chumvi, karanga. Magadi kipande kidogo kama punje ya harage. Kikizidi mlenda unakuwa na ladha ya sabuni. Usiudharau mlenda kwa kuwa ni chakula cha nyumbani kwa Wagogo. Wageni wanauonja kwa udadisi, wenyeji wanaurudia kila siku, na gharama yake ni ndogo kuliko mboga zote ulizopika.

10. Saa 5:40: ugali wa kwanza. Pika mara mbili, kilo moja na robo tatu kila awamu, maji lita 4. Koroga robo kilo ya unga kwa maji baridi, mimina kwenye maji yanayochemka, acha uji uive dakika nane. Uji usipoiva, ugali utanuka unga mbichi. Ongeza unga kidogo kidogo, songa dakika kumi kwa moto wa wastani. Dona inataka maji zaidi kidogo na muda zaidi. Hamishia kwenye hotipoti, funika. Awamu ya pili bandika saa 6:40, mtu wa saa 7:30 apate ugali wa moto kama wa saa 6.

11. Saa 6 hadi saa 8: kupakua. Mmoja anapakua, mwingine anapokea hela na kuosha vyombo. Mkono ulioshika noti usishike chakula. Wali pakua kwa bakuli moja lile lile, gramu 350 hivi. Lipime kwenye mizani siku ya kwanza, kisha usilibadilishe. Ugali bonge la nusu kilo. Mtu akitaka nyongeza, iwe na bei yake iliyoandikwa ubaoni, ili usilazimike kukataa wala kutoa bure. Mchuzi na maharage vibaki vya moto jikoni muda wote, moto wa kuchechemka, wala sio pembeni vikiwa vuguvugu. Uvuguvugu ndio unaozalisha vijidudu.

Mteja anayebeba: hotipoti yake au kontena. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na hata isingekuwa marufuku, mchuzi wa moto kwenye plastiki nyepesi si jambo la kumfanyia mtu anayekuamini.

Anayelipa kwa simu: angalia salio au ujumbe kwenye simu yako mwenyewe. Ujumbe anaokuonesha yeye kwenye simu yake haujathibitisha kitu. Mpe namba, subiri mlio, ndipo sema asante.

12. Saa 8:30: usafi na hesabu. Vyombo vinapita mabeseni matatu: maji ya sabuni, maji ya kusuuza, maji ya moto. Anika kwenye kichanja, usifute kwa kitambaa kile kile kilichofuta meza. Ndipo kaa na daftari.

HESABU

Bei zinabadilika, kwa hiyo shika njia, namba weka za kwako. Tuseme mchele umenunua 2,800 kwa kilo na maharage 3,200. Sahani ya wali maharage:

- Mchele, sahani 7 kwa kilo: 400
- Maharage, pawa 16 kwa kilo: 200
- Mafuta, vitunguu, nyanya, karanga: 150
- Mkaa na gesi: 150
- Mboga na kipande cha tunda: 150
- Maji, sabuni: 50

Jumla 1,100. Ukiuza 2,000 imebaki 900, na hapo ndipo wengi wanaposhangilia mapema. Humo kuna posho ya msaidizi, kodi ya banda, ushuru, vyombo vitakavyovunjika, na posho yako. Jilipe kiasi maalumu kila siku, kiandike, usichukue zaidi. Mama lishe anayetoa hela ya daladala, ya shule na ya mchango wa harusi kwenye kopo moja na la mchele, mwisho wa mwezi hajui kama biashara inamlisha au yeye ndiye anayeilisha.

Sasa ona kipimo kinavyofanya kazi. Ukipakua kwa macho, kilo ya mchele ikatoa sahani 5 badala ya 7, mchele wa sahani moja unapanda kutoka 400 hadi 560. Tofauti ni 160. Kwa sahani 30 za wali kwa siku ni 4,800, na kwa siku 26 za kazi ni 124,800. Fedha hiyo haikuibwa na mtu. Imepita kwenye bakuli.

Tenga daima manunuzi ya siku tatu ambayo hayaguswi. Mji huu una misimu yake. Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, linajaza wageni. Wiki ya Nanenane mwezi Agosti inajaza Nzuguni. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wakifunga chuo, mabanda ya huko yanapwaya ghafla. Akiba ya siku tatu ndiyo inakuvusha wiki mbaya bila kukopa kwa riba.

MAMBO YAKIHARIBIKA

Maharage hayaivi. Sababu ni tatu: ya zamani, maji magumu, au yameungwa kabla hayajaiva. Maji ya visima vingi hapa yana chumvichumvi, na maji hayo yanakaza maharage. Tumia maji yasiyo na chumvi, kama ya mvua, kulowekea na kupikia. Ikishindikana, magadi robo kijiko cha chai kwa kilo, si zaidi. Yakizidi yanaharibu ladha na baadhi ya vitamini. Ya zamani hayana dawa. Badili muuzaji.

Wali umeshika chini. Usigeuze. Hamishia wa juu kwenye sufuria nyingine, acha ukoko, kaa dakika tano bila kufunika harufu itoke. Kesho punguza makaa ya chini.

Wali umekuwa bokoboko. Fungua, uweke kwenye moto mdogo bila kifuniko dakika kumi. Usipokubali, uza kwa bei ya chini na mwambie mteja ukweli kabla hajakaa.

Ugali una mabonge. Unga uliwekwa kwa pupa au uji haukuwa mzito. Yaponde kwa mwiko kwenye ubavu wa sufuria kabla hujaongeza unga mwingine, baadaye haiwezekani.

Mchuzi una chumvi nyingi. Ongeza nyanya na maji ya moto, chemsha dakika kumi. Viazi havifyonzi chumvi kama watu wanavyosema. Vinaongeza tu wingi.

Gesi inaisha wiki moja. Ziba upepo kwanza. Kinga ya bati izunguke jiko peke yake, mtungi ukae mbali na joto. Paka povu la sabuni kwenye mpira na kwenye regulata. Ukiona mapovu yanajaa, funga mtungi, usiwashe chochote, badilisha mpira.

Wateja wa mkopo wamezidi. Weka kikomo kimoja kwa wote, kwa mfano sahani mbili, alipe ndipo aendelee. Andika jina, siku na kiasi mbele yake, aone unaandika. Fundi anayelipwa Jumamosi mdai Jumamosi saa 9 alasiri, wala usimngoje Jumatatu.

Msaidizi anaondoka kila mwezi. Kubaliana naye posho, chakula na saa ya kutoka kabla ya siku ya kwanza, na umlipe siku ile ile hata mauzo yakiwa mabaya. Mfundishe kupika wali pia. Siku utakayougua, banda lifunguliwe.

Chakula kimebaki. Wali uliokaa nje saa nyingi usiupashe ukauuza kesho. Kuna vijidudu vya wali ambavyo sumu yake haifi kwa kupashwa. Sahani mbili tatu zikibaki saa 8, gawa au punguza bei wakati bado ni moto. Maharage yanaweza kulala kama una friji: yagawe kwenye vyombo vya kina kifupi yapoe haraka, yaingie ndani kabla saa mbili hazijapita, na kesho yachemke kabisa kabla ya kupakuliwa. Bila friji, usiyalaze. Andika daftarini kilichobaki na siku ya wiki. Baada ya wiki tatu utaona kwamba Ijumaa wali unabaki, au Jumatatu ugali, na utapunguza kilo kwenye siku hiyo pekee.